Maswali ya wasomaji: Sindano ya saa kumi usiku

Toleo lililopita tuliwaomba wanaofanya kazi hospitalini watuandikie jinsi kazi inavyowaumiza wao wenyewe. Barua tunazozijibu hapa ni za watu wa Dar es Salaam. Majina tumeyaficha, na hospitali pia, za umma na za binafsi. Walioandika kwa jambo lisiloweza kungoja gazeti lichapwe walijibiwa kwa simu kwanza. Majibu ya hapa ni kwa faida ya wengine.

Nilikuwa naiti ya tatu mfululizo. Kwenye saa kumi usiku nilimwekea mgonjwa kanula, nikawa narudishia kifuniko kwenye sindano, ikanichoma kidole gumba cha kushoto. Nilikikamua damu ikatoka ya kutosha, nikamwagia spiriti, nikaendelea na kazi mpaka tulipokabidhiana wodi. Msimamizi kaniambia nilikuwa nimezubaa. Je, nimechelewa kuanza PEP?
*Nesi, Tandika*

Dada, PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, hujachelewa kuianza kama hazijapita saa 72. Lakini hizo 72 ni ukomo tu. Dozi ya kwanza inatakiwa imezwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 2, na kila saa inayopita inaipunguzia dawa nguvu. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kungoja: anangoja daktari wa zamu aamke, anangoja kipimo cha mgonjwa, anangoja asubuhi dirisha la CTC, kliniki ya dawa za VVU, lifunguliwe. Meza dozi ya kwanza, vipimo vifuate. Mgonjwa akikutwa hana VVU, kwa kawaida unaachishwa na hujapoteza kitu. Ndiyo maana dozi za kuanzia za PEP zinapaswa kukaa mahali panapofikika usiku, wodi ya dharura au leba, na mwenye ufunguo awe mtu aliyeko zamu. Kabati likifungwa hadi saa mbili asubuhi, aliyechomwa saa mbili usiku atakuwa ameshatumia saa 12 bure.

Kuhusu kukamua: usikamue tena. Kukamua hakutoi virusi, kunaichubua nyama tu, na spiriti au Jik huunguza ngozi iliyokwisha jeruhiwa. Maji yanayotiririka na sabuni vinatosha. Damu ikirukia jichoni, suuza kwa maji safi au dripu ya chumvi kwa dakika 10 hadi 15, ukilifungua jicho kwa vidole, maana lenyewe litataka kujifumba.

Hofu ya wengi iko kwa VVU, na hapo ndipo tunapotofautiana na wengi. Mchomo wa sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza kama mara 3 kwa kila michomo 1,000. Homa ya ini C ni chini ya 2 kwa 100. Homa ya ini B, kwa mtu asiye na chanjo, ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100, ikitegemea virusi vilivyomo kwenye damu ya mgonjwa. Halafu kirusi hicho kinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka mezani kwa siku 7. Kwa hiyo swali la pili baada ya "nimeze PEP?" liwe "nimemaliza chanjo ya homa ya ini B?" Dozi ni 3: ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya baada ya miezi 6. Ile ya tatu ndiyo inayosahaulika, kwa sababu miezi 6 ni mingi na kadi imeshapotea. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu pima kingamwili. Ukipata 10 au zaidi kwa kipimo cha mIU/mL, umekingwa. Ukiwa hujachanjwa na umechomwa, anza chanjo ndani ya saa 24.

PEP yenyewe ni siku 28, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Kikikunyima usingizi, kihamishie asubuhi. Kama unatumia dawa ya kiungulia yenye magnesi au alumini, au vidonge vya kuongeza damu, meza PEP saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake, la sivyo madini hayo yatainasa dolutegravir tumboni na haitaingia kwenye damu vizuri. Hakikisha umepimwa figo na homa ya ini B mwanzoni. Mwenye homa ya ini B asiache vidonge hivi siku ya 28 bila kuangaliwa, kwani dawa mbili kati ya hizo tatu hukikandamiza kirusi hicho pia, na zikikatwa ghafla ini linaweza kuwaka. Kipimo cha VVU rudia wiki ya 6 na mwezi wa 3. Mpaka hapo tumia kondomu na usichangie damu.

Sasa "umezubaa". Sindano haikukuchoma kwa sababu ya tabia yako. Ilikuchoma kwa sababu tatu zinazoandikika: ulirudishia kifuniko, boksi la sindano halikuwa karibu na kitanda, na ilikuwa saa kumi ya naiti ya tatu. Sindano ya kanula haifunikwi tena. Inatoka kwenye mshipa inaingia kwenye sefti boksi, na boksi liwe umbali wa mkono, lisijazwe kupita robo tatu, kwani likijaa hadi mdomoni sindano inayofuata hugota na kurudi. Ukilazimika kabisa kufunika, laza kifuniko mezani ukichote kwa ncha ya sindano kwa mkono mmoja, ule wa pili uuweke mgongoni. Tukio liandikwe kwenye daftari siku ile ile: saa, aina ya sindano, ulikuwa unafanya nini. Mwajiri anatakiwa kulitolea taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ndani ya siku 7 tangu alipojulishwa. Mfuko huo unawahusu watumishi wa umma na wa binafsi kwa pamoja huku Bara. Kama hakuna karatasi na mwakani ukakutwa na ugonjwa, utathibitisha kwa kitu gani?

Nafanya naiti nne mfululizo, saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Nyumbani ni Chanika, nafika saa nne. Chumba kina bati bila dari, saa sita mchana ni tanuri, na watoto wa jirani wanacheza dirishani. Nalala kwa muda wa saa tatu tu. Nawezaje kulala?
*Mama wa watoto wawili, Chanika*

Mama, tuanze na hesabu yako. Saa 3 za usingizi kwa mchana, mara nne, ni saa 12 katika siku nne. Mwili wa mtu mzima unataka 7 au zaidi kwa siku. Baada ya siku hizo nne una deni la saa 16. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini na kasi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, ni kama 0.10, ambapo nchi nyingi zingemnyang'anya funguo za gari. Yeye mwenyewe hujiona yuko sawa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Naiti ya kwanza ndiyo ya kuitengeneza. Siku hiyo lala mchana, saa nane hadi saa tisa na nusu. Dakika 90 ni mzunguko mmoja kamili wa usingizi, utaamka bila kulewa nao. Kula chakula chako kikubwa kabla ya kutoka nyumbani. Usiku kula kidogo: ndizi mbili, karanga, uji. Tumbo nalo lina saa yake, na sahani ya chips mayai saa nane usiku itakaa humo kama tofali.

Kahawa inaanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, na baada ya saa 5 nusu yake bado imo mwilini. Inywe mwanzoni mwa zamu, vikombe vidogo, ya mwisho saa nane usiku. Anayekunywa saa kumi na moja alfajiri ili afike salama nyumbani ameshauuza usingizi wake wa asubuhi.

Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili hushuka hadi chini kabisa, na akili nayo. Huwezi kuushinda muda huo kwa kujikaza. Unaweza kuupangia kazi. Dawa zenye hesabu za kugawanya, insulini, potasiamu, dozi za watoto kwa kilo, ama ziandaliwe mapema, ama zihesabiwe na watu wawili kila mmoja kivyake kisha walinganishe. Mtu wa pili akiitikia tu "ndiyo" bila kuhesabu, mmebaki na mtu mmoja. Mkiwa wawili au zaidi wodini, pokezaneni kulala dakika 20 kati ya saa nane na saa tisa. Usizidishe hadi 40 au 60, kwani utaamshwa katikati ya usingizi mzito na utahitaji hadi nusu saa kurudi kwenye akili yako. Ukiamka tembea, nawa uso, ndipo ushike sindano. Kuna mametroni wanaoona nesi kulala dakika 20 kwa zamu ni uvivu. Hao hao humwacha nesi asinzie na chati mkononi kwa saa nzima, na hilo halina jina.

Kurudi Chanika: mwanga wa asubuhi huuambia ubongo "amka". Vaa miwani ya jua na ushungi au kofia tangu getini. Ukipanda daladala kaa kiti cha ndani, mkoba uupitishe mkono. Bodaboda usiipande ukiwa unasinzia, hata kama ni rafiki yako anaendesha, kwani abiria anayelegea nyuma ndiye anayeanguka. Kwa wenye gari, kufungua dirisha na kuongeza muziki hakusaidii. Lala robo saa kwenye maegesho kwanza.

Nyumbani, kwa bati bila dari, chumba chako hakifai kwa usingizi wa mchana kutwa. Basi ugawe usingizi: saa nne na nusu hadi saa saba mchana, na tena saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni joto likishavunjika. Ukifika oga maji ya kawaida, kunywa chai ya rangi isiyo na majani mengi au uji, ingia kitandani. Dirisha liwekwe blanketi zito, kanga haitoshi. Feni iwake hata kama upepo wake ni wa moto, kwani mvumo wake hufunika kelele za nje, na ukiwa na shuka lenye unyevunyevu mwilini huo upepo wa moto unageuka kuwa baridi. Kama kuna chumba cha mashariki na cha magharibi, chukua cha magharibi kwa usingizi wa asubuhi. Simu iwe kwa mtu mwingine. Baada ya naiti ya mwisho usilale mchana kutwa: saa 2 zinatosha, ukeshe kidogo hadi saa tatu usiku, kisha ulale na wenzako.

Na kwa anayepanga rota: naiti tatu mfululizo kisha siku mbili za mapumziko ni bora kuliko nne, na kuzungusha zamu kwenda mbele, asubuhi, mchana, usiku, mwili huweza. Kuzungusha kinyumenyume huuchosha.

Hospitali yetu ya binafsi inatupangia saa 12, siku 6 kwa wiki. Hakuna overtaimu. Tukiuliza tunaambiwa kazi ya wito haina saa. Sheria inasemaje?
*Muuguzi, Kimara*

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina kifungu cha wito. Inasema hivi: saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Hakuna siku ya kazi kuzidi saa 12, overtaimu ikiwemo. Overtaimu iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki 4, na ilipwe mara 1.5. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya zamu na zamu ziwepo saa 12, na kila wiki saa 24 mfululizo za kupumzika.

Chukua rota yako. Tuseme saa ya chakula mnaipata kweli: 11 mara 6 ni 66. Toa 45, zinabaki 21 kwa wiki, 84 kwa wiki 4. Ukomo ni 50. Kwa hiyo hata wakilipa, rota yenyewe bado imevuka mstari. Kuna makubaliano ya kubana wiki, ya maandishi, yanayoruhusu zamu ya saa 12 bila kuhesabu overtaimu ya siku, lakini nayo ni kwa siku zisizozidi 5 na saa 45 zile zile. Kwa zamu za saa 12 zenye saa ya chakula, wiki halali ni zamu 4: 44.

Pesa inahesabiwa hivi. Mshahara wa msingi wa mwezi gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa 45. Mwenye 650,000 anapata kama 3,333 kwa saa, overtaimu yake ni 5,000 kwa saa. Saa za usiku, yaani saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Ni ndogo, shilingi 167 hivi kwa saa kwa mshahara huo, na huenda ndiyo sababu hakuna anayeidai.

Dharura sheria imeiachia mlango. Ajali ya basi ikileta majeruhi 30 saa moja kasorobo, hakuna atakayetoka. Upungufu wa wauguzi unaojulikana tangu mwaka jana hauwi dharura kwa kuitwa hivyo kila Jumatatu.

Anza kwa kupiga picha rota ya kila mwezi na kuandika saa unazoingia na kutoka. Peleka suala kwa tawi la chama cha wafanyakazi, kwa sekta yenu mara nyingi ni TUGHE, kisha afisa kazi. Likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, zingatia siku: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 60. Wa kuachishwa ni 30. Watumishi wa umma wana pia Kanuni zao za Kudumu, waanzie kwa afisa utumishi.

Mimi ni msafi, nimeajiriwa na kampuni ya usafi hospitalini. Tukichanganya Jik na ile dawa ya choo macho yanawaka na kifua kinabana. Bosi anasema ndiyo dawa kali, inaua wadudu.
*Buguruni*

Inakuua wewe kwanza. Jik ni klorini, dawa ya choo nyingi ni tindikali. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika vitani kuua watu mwaka 1915. Usichanganye kamwe, wala usimwage Jik juu ya mkojo mwingi, maana amonia ya mkojo nayo ikikutana na klorini hutoa gesi ya kuchoma. Ikitokea: toka nje, acha mlango wazi, suuza macho, na kama kifua kinabana bado baada ya dakika chache nenda ukaonwe. Mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Jik ya asilimia 3.5 kupata dawa ya 0.5 kwa damu na majimaji ya mwili: kikombe 1 cha Jik, vikombe 6 vya maji, kwa kikombe hicho hicho. Soma chupa, kwani nguvu si moja kwa chapa zote. Klorini ya unga ya asilimia 70: gramu 7 kwa lita 1, gramu 70 kwa ndoo ya lita 10, na unga ndio unaoingia kwenye maji, usimwage maji juu ya unga. Maji ya baridi, tengeneza kila siku, funika. Kuongeza Jik "iwe kali" hakuongezi usafi. Kinachoiharibu ni uchafu: damu iliyoachwa sakafuni huila klorini kabla haijafika kwa kirusi. Damu ifutwe kwanza kwa kitambaa cha kutupa, dawa imwagwe, ikae dakika 10, ndipo ufute. Usipulize kwa bomba la dawa, unaivuta mwenyewe.

Vaa glavu nzito za mpira, zile za kupimia wagonjwa zinatoboka. Mfuko wa taka ushike shingoni, uweke mbali na mguu, usiukandamize kwa mkono wala kwa teke. Sindano za watu wengine huwachoma wasafi kupitia mifuko. Na chanjo ya homa ya ini B ni haki yako kama ya daktari. Kampuni ikisema wewe si wao na hospitali ikisema wewe si wetu, waulize nani anailipa, kwa barua. Ukaguzi wa mahali pa kazi ni wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kwa sheria ya mwaka 2003, na kampuni yako imo.

Nina ujauzito wa miezi mitatu, nafanya naiti na mara nyingine eksirei ya kubebeka inaletwa wodini. Nikatae?
*Nesi, Mbezi*

Naiti: mwajiri hatakiwi kukupangia usiku miezi 2 kabla ya kujifungua na 2 baada ya hapo. Kabla ya miezi hiyo unahitaji cheti cha daktari kinachosema usiku haukufai. Usisubiri uanguke ndipo ukitafute. Ukirudi kazini una hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Eksirei: huna haja ya kukimbia wodi nzima. Rudi mita 2 au zaidi, nyuma ya mtumiaji wa mashine, na usimshike mgonjwa ili atulie. Umbali ukiwa mara mbili, mionzi hushuka hadi robo. Kuchanganya dawa za saratani, huko kataa kabisa.

Chumba chetu cha wagonjwa wa nje (OPD) kimewekewa AC, tumeshukuru sana. Lakini wenzetu wawili wamepata TB ndani ya mwaka. Barakoa tunavaa.
*Tabibu, Ubungo*

AC ya ukutani haileti hewa mpya. Inachukua hewa ya chumba, inaipoza, inairudisha, pamoja na kikohozi cha mgonjwa wa saa mbili asubuhi. Mlipofunga madirisha ili ubaridi usitoke ndipo mlipoufungia ugonjwa ndani. Kwa joto la Dar mwezi Februari tunajua mnachokiacha, lakini chumba cha wagonjwa wanaokohoa kifunguliwe madirisha ya pande mbili zinazotazamana, feni isukume hewa kutoka kwako kwenda kwa mgonjwa na kutokea dirishani. Geuza meza ikibidi. Chukueni makohozi nje, chini ya kibanda chenye upepo, kamwe isiwe chooni.

Barakoa ya upasuaji mvalishe anayekohoa. Wewe unahitaji N95, barakoa ya kuchuja hewa inayobana uso. Ijaribu kila unapoivaa: funika kwa viganja, vuta hewa kwa nguvu, lazima ikunje kuingia ndani, puliza, hewa isitoke pembeni mwa pua. Ndevu huiharibu. Na wote waliokaa na wale wawili wachunguzwe: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito, kisha kipimo cha makohozi na picha ya kifua kwa mwenye dalili hata moja.

Mgongo. Nimembeba mgonjwa peke yangu ghafla ukakata.
*Mhudumu, Keko*

Siku za mwanzo tembea kadiri unavyoweza, usilale kutwa. Ganzi kati ya mapaja, mkojo kukataa au kutoka wenyewe, au mguu kulegea, hiyo ni dharura ya leo. Na usirudie: kilo 16 ndicho kiwango ambacho wataalamu wa Marekani hukiweka kama ukomo wa kumnyanyua mgonjwa kwa mikono, na mgonjwa mtu mzima huzidi kilo 16. Pandisha kitanda hadi nyonga zako, shuka la kuvutia chini yake, watu wawili, mmoja ahesabu "moja, mbili, tatu", na msogezwe bila kunyanyuliwa. Kumkumbatia kwapani ndiko kunakovunja migongo yenu na mabega yao.

Mke wangu ni nesi wa watoto. Zamani alikuwa akilia mtoto akifa. Sasa anasema "kimekufa kimoja leo" na kula ugali wake. Nyumbani hataki kuguswa wala kuongea. Amekuwa na roho mbaya?
*Baba, Tabata*

Ndugu yetu, hana roho mbaya. Kuna jina: burnout, yaani kuchoshwa na kazi hadi kuishiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kuwa inatokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa, na haikuiita ugonjwa. Ina sura tatu: kuishiwa nguvu, kuiweka kazi mbali na moyo hata kwa dhihaka, na kuona kuwa unachofanya hakina maana. "Kimoja" badala ya mtoto ni sura ya pili. Ni ganzi inayomruhusu arudi wodini kesho.

Tofautisha na uchovu wa kawaida: huo hupona kwa siku mbili tatu za kulala. Huu anatoka likizo ya siku 28 na siku ya kwanza kazini tumbo linamuuma. Tofautisha pia na sonona, inayogusa kila kitu, hata mambo aliyokuwa akiyapenda nje ya kazi, pamoja na usingizi na hamu ya kula. Akisema hana haja ya kuishi, au ukiona ampuli za dawa za hospitali nyumbani, usimwache peke yake, mfikishe kliniki ya afya ya akili siku hiyo. Wanaofanya kazi na dawa wanazijua dozi.

Kinachosaidia hakianzi na semina ya msongo inayofanyika siku yake ya mapumziko. Kinaanza na kubadilishwa wodi kwa miezi 3 hadi 6, idadi ya naiti kupunguzwa, na baada ya kila kifo cha mtoto dakika 10 za walioshiriki kukaa pamoja na kuulizana nini kilitokea, nani anahitaji kutoka nje kidogo. Wewe uko na kazi yako: asiamshwe saa mbili za kwanza baada ya naiti kwa swali la ada wala la gesi. Usimwambie "umebadilika". Mwulize ni mtoto gani. Akikujibu, nyamaza usikilize mpaka mwisho.

Mimi ni metroni. Nataka kuthibitisha kwa uongozi kwamba wauguzi wanachoka, siyo kulalamika. Nifanye nini?
*Ilala*

Fungua daftari moja, chora safu saba: tarehe, saa ya tukio, nini kilitokea, hata kama ni dawa iliyokaribia kukosewa ikagunduliwa, ni saa ya ngapi tangu zamu ianze, ni zamu ya ngapi mfululizo, wauguzi na wagonjwa walikuwa wangapi, aliamka saa ngapi mara ya mwisho kabla ya kuja. Usiandike jina la mtu kwenye safu yoyote, la sivyo wiki ya pili daftari litakauka. Baada ya miezi 3 yahesabu matukio kwa makundi: kabla na baada ya saa ya 9 ya zamu, na naiti ya kwanza dhidi ya ya tatu na ya nne. Linganisha na saa zilizofanywa kazi kwenye kila kundi, usilinganishe idadi tupu, kwani zamu za asubuhi zina watu wengi na sindano nyingi. Uongozi ukitaka kuona daftari lenyewe, wape nakala. Safu ya mwisho ijazwe na muuguzi kwa mkono wake, kabla hajaulizwa alikosea wapi.